Kazi ya jibini Limuru: nianzie kwenye kuosha vyombo?

SWALI: Mshauri, kwa muda sasa nimekuwa nikiuza jibini na nyama zilizokaushwa katika duka la vyakula huku Westlands. Nimepata kazi mpya katika shamba la mbuzi wa maziwa nje kidogo ya Limuru, ambako wanatengeneza jibini ya kuuzia mahoteli ya Nairobi. Msimamizi ameniarifu kwamba miezi ya kwanza nitakuwa nikiosha vyombo na sakafu na kugeuza jibini ghalani, na kwamba nitalala huko huko shambani. Kuhusu mkataba, amesema tutaandikiana baadaye, akishaniona nilivyo. Mama yangu hataki kusikia kwamba naacha kazi ya mjini kwenda kuosha sufuria mashambani. Je, nikubali?
Msomaji, Umoja, Nairobi

JIBU: Dada msomaji, kuosha kubali. Kuandikiana baadaye usikubali.

Mama yako ana haki ya kuuliza, lakini katika chumba cha jibini anayeosha ndiye anayeshikilia biashara nzima mikononi mwake. Maziwa huweza kupashwa moto ipasavyo, kwa nyuzi 63 kwa dakika 30 au nyuzi 72 kwa sekunde 15, kisha yakaharibiwa na ndoo iliyosuuzwa kwa haraka au mfereji wa sakafuni ambao haukusuguliwa. Bakteria ya Listeria, ambayo ni hatari hasa kwa wajawazito, huendelea kuzaana hata katika baridi ya friji, kwa hivyo hakuna anayeweza kutegemea ubaridi pekee. Ukumbuke pia kwamba jibini ngumu hula takriban lita 10 za maziwa ili kutoa kilo 1; pipa moja likimwagwa kwa sababu ya uchafu, hiyo ni kazi ya watu wengi imekwenda. Msimamizi anayemwanzisha mgeni kwenye kuosha anajua kazi yake, na binafsi ningemshuku zaidi yule ambaye angekukabidhi reneti, yaani kimeng'enya cha kugandishia maziwa, siku ya kwanza.

Kugeuza jibini nako si kazi ya kupitisha muda. Jibini isipogeuzwa, unyevu hutuama upande wa chini, ganda likalainika na kuota ukungu usiotakiwa. Kwa kuzishika kila siku utajifunza kutofautisha inayoiva na inayooza, na ujuzi huo hakuna mteja wa Westlands aliyewahi kukupa. Tumia miezi hiyo kuuliza maswali. Uliza kwa nini beberu hutengwa na mbuzi wanaokamuliwa (harufu yake huingia kwenye maziwa, na mnunuzi wa hoteli huitambua mara moja). Uliza pia maziwa ya mbuzi aliyetibiwa ugonjwa wa kiwele huwekwa wapi, kwa sababu dawa za viuavijasumu zikibaki ndani ya maziwa huua chachu (bakteria wazuri wanaochachusha maziwa ya jibini), na maziwa hayo hayagandi inavyotakiwa. Jinsi watakavyokujibu utajua kama hilo ni shamba la kujifunzia au la kukutumikisha tu.

Sasa tuje kwenye mkataba. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka mkataba wa kazi ya miezi 3 au zaidi uwe wa maandishi, na jukumu la kuuandaa ni la mwajiri. Kutaka kukuona ulivyo si kosa, kwani sheria imeweka kipindi cha majaribio kisichozidi miezi 6, nacho huweza kuongezwa kwa ridhaa yako mradi jumla isipite miezi 12. Lakini majaribio yenyewe huandikwa ndani ya mkataba, hayafanywi badala yake. Katika kipindi hicho kila upande huweza kuvunja mkataba kwa notisi ya siku 7, na ndiyo maana sikushauri uage dukani kabla hujaweka saini.

Kuhusu kulala shambani, mwajiri hutakiwa ama akupe makao yanayofaa kwa gharama yake, ama akulipe fedha za kodi, ama mkataba useme wazi kwamba kodi imejumuishwa katika mshahara. Wakikupa chumba kisha wakakukata kodi, uliza kwa nini. Nenda ukakione chumba hicho mwenyewe, ikiwezekana jioni ya Julai, kwa kuwa Limuru iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na baridi yake haifanani na ya Umoja. Makato ya NSSF, ya bima ya afya ya jamii ambayo ni asilimia 2.75, na ya ushuru wa nyumba ambayo ni asilimia 1.5, yatakuwepo kama yalivyokuwa mjini.

Cheti cha afya cha wanaoshughulikia chakula bila shaka unacho kutoka dukani. Hakikisha muda wake haujaisha, maana hufanywa upya kila baada ya miezi 6.

Jambo moja zaidi la kuuliza kabla ya kuweka saini: mbuzi hukamuliwa hata Jumapili na sikukuu, na sheria inakupa angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Mwombe msimamizi akuonyeshe orodha ya zamu za mwezi uliopita. Kama wafanyakazi hupokezana kweli, orodha hiyo itakuwepo, na majina yatakuwa yakibadilika.