Uyoga si mmea

Umeuliza uyoga tuuweke kundi gani: una uhai, umeota ardhini, hautembei, basi si ni mmea? Hapana, ndugu. Wa zamani waliuweka huko huko kwenye mimea, hata Linnaeus, mtaalamu wa Sweden aliyepanga viumbe katika makundi, katika karne ya 18. Mwaka 1969 Mmarekani Robert Whittaker akapendekeza himaya tano, yaani makundi makuu ya viumbe, na kuvu (fangasi), ambao uyoga ni mmoja wao, wakapewa yao.

Angalia uyoga unavyokula. Mmea una umbijani, ile rangi ya kijani, unajipikia chakula kwa mwanga wa jua. Uyoga hauna. Unamwaga vimeng'enya (kemikali za kusaga chakula) nje ya mwili, vinayeyusha gogo au majani makavu, kisha unafyonza. Na kuta za seli zake zina kitini, kitu kile kile kilichomo kwenye gamba la kamba na la mende. Kwa ukoo, uyoga uko karibu na wewe kuliko na mchicha unaouzwa nao meza moja sokoni!

Ule wa kwenye kichuguu, unaochomoza mvua zikianza, ndio utamu wenyewe. Ukichimba chini yake unakuta mchwa wameulima kwenye masega waliyojenga kwa kinyesi chao. Unachochuma ni sehemu ya kuzalia tu. Mwili wenyewe ni nyuzi nyeupe zilizobaki ndani. Kwa hiyo kutotembea kusikuchanganye, hizo nyuzi zinarefuka kufuata chakula.

Hamira unayoumulia maandazi nayo ni kuvu, ila yenyewe ni ya seli moja moja.