Ukiandaa Karamu ya Wakulima, Hesabu Viti Vyao Kwanza

Karamu yangu ya kwanza niliifanyia nyumbani, Njoro, katika Kaunti ya Nakuru nchini Kenya, chini ya mparachichi, mwezi wa Agosti. Wageni walikuwa 18 kutoka mjini Nakuru, kila mmoja amelipa shilingi 800. Wakulima watano ndio walioleta chakula: maboga ya Lare, managu (mnavu) na saga (mgagani) kutoka Rongai, viazi vya Molo, maziwa lala (mtindi) na kuku wawili wa kienyeji waitwao mushunu. Watu walikula, wakasifu, wakapiga picha. Nilipoingia jikoni kuchukua maji, nilimkuta shosho, yule bibi mzee aliyelima yale maboga, ameinamia beseni, anaosha sahani. Hakuna aliyemtuma. Alijitafutia kazi kwa sababu hakuwa na mahali pa kukaa. Nilikuwa nimekodi viti 18.

Aibu ile sijaisahau. Tangu siku hiyo nimeandaa karamu nyingine 11, na kila anayeniuliza aanzie wapi namwambia aanze na viti. Wageni 18 na wakulima 5 ni viti 23 na sahani 23. Usiwatengee wakulima meza yao pembeni. Wachanganye na wageni. Halafu tafuta vijana wawili wa kupakua na kuosha vyombo, uwalipe, maana mama wa shambani akiona vyombo vimerundikana atainuka tu hata ukimsihi vipi.

Hotuba nazo ziache. Nimeshawahi kumpa mkulima maikrofoni: alisimama, akamshukuru Mungu, akawashukuru waandalizi, akaketi. Si kwamba hana la kusema. Anachokijua kiko mikononi, kwa hiyo mpe kitu cha kushika. Karamu ya pili niliweka boga zima katikati ya meza, la kilo kama sita hivi. Mwalimu mmoja akalalamika kwamba anayonunua mjini huwa maji matupu. Shosho akalivuta lile boga, akaushika mkono wa mwalimu na kuubonyeza ukucha wake kwenye ganda. Ukucha haukuingia.

"Ukiingia, ujue lilichumwa changa," akamwambia. Kisha akamwonyesha kikonyo: kimekauka, kigumu kama kijiti cha kuni, kimeachwa urefu wa kidole. Boga likinyofolewa kikonyo huanza kuozea hapo hapo. Likiachiwa, na likawekwa pakavu bila kugusana na mengine, linakaa miezi.

Maneno hayo ya kukaa miezi ndiyo yaliyonifungua macho kuhusu bei. Mwenye maboga anaweza kumwambia broka, yaani dalali, arudi wiki ijayo. Mwenye managu hawezi. Managu yakichumwa asubuhi, jioni yamenyauka, na broka anayefika na pikapu anajua hivyo vizuri. Anataja bei yake, na mama anakubali, kwa sababu mboga iliyolala haina mnunuzi. Kwa hiyo ukitaka karamu yako imfae mkulima kweli, mboga za majani ndizo za kuagiza mapema zaidi: idadi ya mafungu, siku na bei, vyote vijulikane kabla kisu hakijagusa shina. Na lipa asubuhi unapopokea mzigo, si baada ya wageni kuondoka. Mimi hulipa bei ambayo mlaji angelipa sokoni, si ile ya broka, na nauli juu yake. Pesa ikishaingia kwenye simu yake, mkulima anakaa mezani akiwa ametulia.

Tarehe nayo usiipange wewe. Nilipanga yangu moja mwezi wa Aprili na kuahidi maboga, wakati mvua ya masika ndiyo kwanza imeshika na Lare nzima watu wako shambani wanapanda. Nilinunua maboga yaliyotoka mbali nikawapa wageni, na nilijuta. Aprili na Mei ni miezi ya managu, terere (mchicha) na thabai, mboga ambayo majani yake mabichi huwasha. Maboga yasubiri Agosti. Mpigie mkulima simu, muulize nini kitakuwa tayari, ndipo utangaze.

Jikoni, mfuate aliyelima. Saga ni chungu, na watu wa mjini huikataa, lakini ikichemshwa vizuri, ikatiwa maziwa na kulala usiku mmoja, wataomba iongezwe. Kuku wa mushunu, yule mwenye kichwa na shingo tupu bila manyoya, huchukua karibu saa mbili motoni, kwa hiyo washa kuni mapema. Na wageni waambie wanachokula ni nini: maboga ya Lare, mushunu wa Molo na thabai iliyokaushwa ya msitu wa Mau ni miongoni mwa vyakula ambavyo vuguvugu la Slow Food, lililoanzia Italia mwaka 1986, limeamua kuvilinda visipotee. Nimeona watu waliozaliwa hapa hapa Nakuru wakilisikia jambo hilo kwa mara ya kwanza wakiwa na kijiko mdomoni.

Kuna swali moja ambalo lazima litaulizwa, na mara nyingi huulizwa vibaya: "Hii umepiga dawa?" Mkulima anahisi ameshtakiwa, anasema hapana, na mazungumzo yanakufa. Nimewazoesha wageni wangu kuuliza, "Mara ya mwisho ulipiga lini, na uliivuna lini?" Dawa za mimea huwa na siku za kungoja kabla ya kuvuna, zimeandikwa kwenye chupa. Ukiuliza hivyo, anayezihesabu atakueleza bila kuficha, na anayetumia majivu na samadi peke yake ataanza kueleza kwa raha jinsi anavyopambana na vidukari. Hapo ndipo mlaji anaanza kuelewa kwa nini jani lenye tundu mbili tatu si la kutupwa.

Baada ya chakula, kabla chai haijapoa, pitisha daftari. Kila mgeni aandike anachotaka kila Jumamosi, na achukue namba ya mkulima mwenyewe, si yako. Usipofanya hivyo siku hiyo hiyo, hawatatafutana tena. Kwenye karamu ile ya pili waliandika saba, na miezi mitatu baadaye wanne walikuwa bado wananunua. Wanne si haba: ni mafungu 20 ya managu yanayopakiwa kwenye basi dogo la matatu Rongai kila Jumamosi na kupokewa stendi mjini saa nne asubuhi, bei ile ile, mvua ikinyesha au isinyeshe. Mama anayeyatuma aliniambia sasa tangu Ijumaa anajua kesho yake achume kiasi gani, na kingine kibaki shambani kikiendelea kuchipua.

Jambo la mwisho nililifunzwa na shosho yule yule. Tulikuwa tumepika maboga matatu, na vijana jikoni walikuwa wanabeba maganda kwenda shimoni. Akawaita kutoka pale mezani. "Mbegu msitupe. Na msizichanganye." Kisha akamgeukia mwalimu wa ule ukucha: "Mwanangu, umekula kutoka sufuria zote tatu. Tamu ni lipi?" Mwalimu akaonja tena, akanyoosha kidole kwenye sufuria ya katikati. Wa pembeni yake wakaonja, wakakubali. Shosho akaagiza aletewe mbegu za boga hilo peke yake, akazifunga kwenye kitambaa akazipanda msimu uliofuata.

Siku hizi kila boga linalopasuliwa jikoni kwangu lina bakuli lake la mbegu na sufuria yake, na vyote viwili vina alama moja. Wageni huonja kabla chochote hakijachanganywa.