Stahmili: jina au ushauri?

Swali lenu la wiki hii mmeuliza ni jina gani la tabia njema lilikuwa la kawaida kwenu zamani na leo halisikiki, limetokea wapi, na je ungempa mwanao. Nilivyosoma nikacheka peke yangu maana hiyo vita nimeipigana ndani ya nyumba yangu, kwaiyo naomba nafasi kidogo, najua wengine mtaandika mistari mitatu ila mi siwezi.

Jina lenyewe ni Stahmili. Bibi yangu mzaa mama ndo alikuwa anaitwa hivyo, mtu wa Newala huko juu, na nikiwa mdogo niliona la kawaida tu kwasababu jirani yake alikuwa Stahmili, na yule mama wa mihogo pale njia panda nae Stahmili, tukawa tunawatofautisha kwa watoto wao, mama Chande, mama Somoe, basi. Saivi nakaa Mtwara mjini, mwanangu yuko chekechea, darasani kwao kuna Rayyan wanne (nimewahesabu siku ya mahafali), Nasra, Ilham, Precious, Brayani wawili, na Stahmili mmoja tu ambae ni wa kwangu.

Limetokea wapi? Neno ni la Kiarabu, hilo wengi wanalijua, ila mimi nilikuwa najua juujuu mpaka mwalimu wa madrasa mtaani kwetu aliponikalisha akanichambulia. Mzizi wake ni herufi tatu, ha, mim na lam, na maana yake ni kubeba. Hamali yule wa mizigo ametoka hapo. Himila, neno la wazee la mimba, nalo limetoka hapo hapo, na kuhimili pia. Kwaiyo watu wakisema Stahmili na Subira ni jina moja mi nakataa. Subira unangoja, unaweza kuwa umekaa barazani na kahawa yako unangoja. Stahmili mzigo uko kichwani tayari na hujaambiwa utautua wapi.

Alafu angalia kitu kingine, lile jina ni amri. Neema, Imani, Rehema, Tumaini, hivyo ni vitu, mtoto anatunukiwa. Stahmili anaambiwa afanye. Ndugu zake wapo, Vumilia, Shukuru, lakini hao angalau wana uso mkunjufu. Na msije mkadhani hii ni tabia ya Waswahili peke yetu, wale Waprotestanti wakali wa Uingereza, Wapuritani, walikuwa hivyo hivyo, ndo walioeneza kina Patience na Prudence, na kwenye ile meli ya Mayflower iliyowapeleka Marekani mwaka 1620 kulikuwa na binti anaitwa Remember, yaani Kumbuka, na katoto kadogo kabisa kanaitwa Humility, unyenyekevu. Na miaka ya 1650 London kulikuwa na mbunge anaitwa Praise-God, Msifu Mungu, mpaka bunge lenyewe la mwaka 1653 watu wakalipachika ubini wake, Barebone. Kwaiyo mtu akiniambia jina la mwanangu ni la ajabu namwambia nenda kasome meli ya watu.

Ila kwa bibi kuna jambo zaidi. Kwetu kusini, Wamakonde, Wayao, Wamakua, zamani jina ulilozaliwa nalo lilikuwa la kushikia tu, ukitoka jandoni au unyagoni unapewa lingine na lile la mwanzo linabaki huko huko, mtu mzima ukimwita kwa jina lake la utotoni umemtukana na usishangae akikuchapa. Jina la utotoni la bibi mpaka leo silijui. Niliwahi kumuuliza mara moja, akanitazama, nikaanza kuongelea kuku. Stahmili alipewa siku wale wasichana wa unyagoni walipotolewa nje, somo wake, yule mama aliyemfunda, ndo alimchagulia, na haukupita muda mrefu akaolewa. Mnaona sasa. Mtoto wa kike anafundishwa mambo ya ndani wiki na wiki, alafu mlangoni wakati wa kutoka anafungiwa neno moja la kwenda nalo kwa mume. Jina lilikuwa kifupi cha somo zima!

Nikamuuliza, bibi, ulilipenda? Akasema, "Sikuulizwa."

Na alilibeba kweli. Nikimkumbuka namkumbuka msimu wa korosho, yuko nyuma ya nyumba na lile bati lake la matundu juu ya mafiga matatu, korosho zikishika moto zinatema mafuta na moshi ule mweusi unaokaba koo, anazimwaga chini anazifukia mchanga, alafu anakaa kubangua moja moja kwa kijiti. Wasiojua, mafuta ya ganda la korosho yanaunguza, ngozi inachubuka kama imepitiwa na tindikali. Bibi alikuwa anajipaka majivu vidoleni anaendelea. Vidole vyake vya mkono wa kushoto vilikuwa vyeusi mpaka kwenye kucha, havikuwahi kutakata hata siku ya Idi, na hina akipaka ilikuwa haionekani. Nikimuuliza havikuumi ananipa korosho niondoke.

Sasa kwanini jina limepotea. Watu wanasema ni tamthilia, ni majina ya kwenye simu, sijui kila mtu anataka jina la Kiarabu lenye Y mbili. Sikatai, ipo, ila mi naona kubwa ni kwamba waliolizika jina ni watoto wa kina Stahmili wenyewe. Mama yangu katuzaa watano, wa kike watatu, hakuna hata mmoja alorithi, wakati kurithisha jina la bibi kwetu ni kitu cha kawaida kabisa, hata huombi ruhusa. Mama zangu wadogo nao hivyo hivyo. Walimuona mama yao. Na sikuhizi binti akirudi kwao na jicho limevimba, neno la kwanza anakutana nalo mlangoni ni "stahmili mwanangu, ndoa ndivyo zilivyo", kwaiyo jina lenyewe limeanza kunuka kidogo, tuseme ukweli.

Na lingine dogo lakini linakera ni kuliandika. H ile inamezwa, ndo maana kuna Stamili, Stahimili, Stahamili, na wengine hatuwezi kuzibananisha zile S na T bila kuweka I katikati, tunasema Sitamili. Mwanangu kadi ya kliniki wameandika Stamili. Nikaenda ofisi moja, siitaji jina, kufuatilia cheti, kijana wa dirishani akasoma fomu, akainua kichwa, akaniuliza "samahani dada, hili ni jina au ushauri?" Watu wa kwenye foleni wakacheka, na mimi nikacheka. Cheti kutoka kimeandikwa Sitamili! Nimerudi mara tatu, kila safari bodaboda kwenda na kurudi, mara ya tatu yule kijana ananiona tu getini anasema mama Stahmili, umestahmili kweli.

Lakini aliyenipinga zaidi hakuwa mume wangu wala mawifi, ni mjomba. Na mjomba kwetu ana sauti, si kama sehemu nyingine anakuja kula pilau anaondoka. Alipiga simu kutoka Newala siku ya tatu baada ya kujifungua, nikadhani anataka kunipongeza kwa kumrudisha mama yake, maana Stahmili ni mama yake mzazi. Akasema liache lilale. Akasema mama yangu alipewa mzigo akiwa mtoto ukamfuata mpaka kaburini, na wewe unaenda kuufukua umtwishe mwingine wa kilo tatu. Sikuwa na jibu, nikamwambia mjomba ntakupigia.

Kilichonifanya nisibadilishe ni kitu cha bibi mwenyewe. Kila usiku kabla hajalala alikuwa anasoma mwisho wa Suratul Baqara, aya ya 286, nimelala nae kitanda kimoja miaka mingi naijua kwa sauti yake kabla sijaijua kwa maandishi. Pale kuna dua, wala tuhammilna maa laa twaaqata lanaa bih, Mola wetu usitubebeshe tusiyoyaweza. Sikilizeni hiyo tuhammilna. Ha, mim, lam. Mwalimu ndo alinionyesha kwa kidole, nikabaki nimeganda na msahafu. Yaani mchana watu wanamwita Beba, Beba, Beba, na usiku yeye kwa neno lile lile anamwambia Mungu kuna mwisho wa kubeba. Hakuna alomfundisha hiyo unyagoni. Nikasema basi mimi narithisha Stahmili ya usiku, ya mchana ikae huko huko.

Nilimpigia mjomba nikamweleza hivyo. Akanyamaza, akasema haya, alafu akakata, sijui kama nilimridhisha au salio lilimuishia.

Sasa yule mtoto ana miaka mitano na stahmala hana hata ya kungoja chapati igeuzwe upande wa pili. Mjomba hamwiti jina, anamwita mama, kama inavyotakiwa kwa mtu mwenye jina la mama yake, na mtoto ameshajua hiyo ni cheo, anamtuma mzee wa miaka sitini na kitu amletee kiatu. Msimu uliopita alikuja na kiroba cha korosho mbichi, akazichoma mwenyewe nyuma ya nyumba, moshi mtaa mzima majirani wakafunga madirisha. Mtoto akakimbilia kuchukua moja kwenye mchanga. Mjomba akamshika mkono akausogeza pembeni, akapaka majivu vidole vyake yeye, akabangua, akapuliza mpaka ikapoa, akamwekea kiganjani. "Kula mama. Maganda usiguse wewe."