Kazi ya fundi wa miti huanzia chini

Wanaotaka kuingia katika kazi ya kupogoa na kuangusha miti huniuliza kwanza habari za mashine: ninunue chenso gani, yenye ulimi (bamba linalozungukwa na mnyororo) wa urefu gani, ya petroli au ya betri. Siwalaumu, maana chenso ndiyo inayosikika kutoka mbali. Lakini kazi zote nilizoziona zikienda vizuri zilitengenezwa kabla mashine haijawashwa, na nyingi ya zilizoharibika ziliharibikia hapohapo, watu wakiwa bado wamesimama chini.

Nikifika kwenye mti naondoa majani makavu na takataka zilizolundikana shinani, nione pale shina linapoingia ardhini. Mti wa kawaida hupanuka mahali hapo, mizizi mikubwa ikiachana na shina na kuzama. Ukikuta shina limeingia ardhini limenyooka vilevile lilivyo juu, jua pengine pamewahi kumwagwa udongo au kifusi, na gome lililofukiwa hukaa na unyevu na kuoza bila mtu kuona. Kisha natafuta uyoga. Ule mgumu wenye umbo la rafu unaojishika chini ya shina, hasa wa jamii ya Ganoderma, ni dalili kwamba kuvu amekuwa akila mbao za ndani kwa muda mrefu. Uyoga ni tunda tu, na tunda huja mwisho.

Wenye miti hubisha hapa: "Mbona majani yake mabichi?" Majani hupata maji kupitia tabaka za nje za mbao, na hizo zinaweza kuwa hai huku moyo wa shina na mizizi mikubwa vimeshaoza. Ubichi wa majani hauniambii kama mti utasimama. Swali linalonisaidia zaidi ni kama pamewahi kuchimbwa mtaro karibu: bomba, msingi wa ukuta, nguzo za uzio. Watu wengi hudhani mizizi imeshuka chini kabisa, kumbe sehemu kubwa ya mizizi iko katika sentimita 60 hivi za juu, na huenea kupita kivuli cha matawi. Mtaro mmoja uliopita mita moja kutoka shinani unaweza kuwa umekata nusu ya kinachoushikilia mti upande huo, na aliyeuchimba hakumwambia mtu.

Udongo uliopasuka au kuinuka upande mmoja wa shina, hasa baada ya upepo mkali, unatosha kunifanya niache kamba garini. Mti huo umeanza kung'oka. Ukiangushwa, uangushwe kwa kreni au kwa gari lenye kikapu, bila mtu kuukwea.

Baada ya mizizi nachukua nyundo ya mbao na kugonga shina kulizunguka, chini hadi juu nifikapo. Mbao nzima hutoa mlio mfupi, mkavu. Penye pango mlio hupwaya kama wa ngoma. Pango peke yake si hukumu ya kifo, kwa sababu shina lenye pango ni kama bomba, na bomba ni imara kuliko watu wanavyodhani. Claus Mattheck, mtafiti wa Ujerumani, alitoa kipimo kwamba mbao nzima iliyobaki ukutani inatakiwa kuwa karibu theluthi moja ya nusu kipenyo cha shina. Kwa shina lenye upana wa sentimita 60, hiyo ni kama sentimita 10 za mbao nzima kuzunguka. Wapo wanaokibishia kipimo hicho. Mimi hukitumia kujua lini nisite na kumwita mwenye vifaa vya kupima.

Cha mwisho kabla ya kukwea ni panda za matawi. Panda iliyoachana vizuri ina ngozi iliyokunjamana juu yake. Hiyo ni nzuri. Panda iliyobanana, matawi mawili yakipanda sambamba na gome likiwa limemezwa katikati yao, haijaungana kwa ndani. Usifunge kamba yako ya kukwea hapo, hata kama ndiyo panda pekee iliyo karibu.

Sasa tukate. Alex Shigo, mwanasayansi wa Marekani aliyefanya kazi katika idara ya misitu ya serikali ya huko, alipasua maelfu ya miti kwa chenso ili aone kinachotokea ndani baada ya jeraha. Alichokionyesha kilibadilisha kazi hii: ngozi ya mtu hujenga upya palipokatwa, lakini mti hauwezi. Mti hulizungushia jeraha kuta, ukaliacha ndani, ukaendelea kukua juu yake. Kwa hiyo kila unapokata, unaacha kitu kitakachokaa ndani ya mti huo maisha yake yote, na ustadi wako ni kukata pale ambapo mti unaweza kujenga ukuta haraka.

Mahali penyewe panaonekana ukipatazama kwa karibu. Pale tawi linapotoka shinani kuna uvimbe, wakati mwingine pete iliyo wazi, wakati mwingine ni unene kidogo tu unaoupata kwa kupapasa na kiganja. Uvimbe huo ni sehemu ya shina, na ndani yake ndimo kinga ya mti ilimo. Ukikata ndani yake, ukalilaza kovu sawasawa na shina ili lipendeze machoni, umeondoa kinga na kufungua mlango wa kuoza. Ukiacha kigogo cha sentimita 20 kimechomoza, kitakufa na kuoza kuelekea ndani. Kata nje kidogo ya uvimbe, basi.

Tawi zito usilikate kwa mkupuo mmoja. Kata ya kwanza iwe chini ya tawi, kama sentimita 30 kutoka shinani, iingie robo ya unene hivi. Ya pili iwe juu, mbele kidogo ya hiyo ya kwanza, mpaka tawi lidondoke. Hapo umebaki na kipande kifupi kisicho na uzito, ndipo unakata ya mwisho kwenye uvimbe kwa utulivu. Bila ile kata ya chini, tawi huanguka likiwa limeshikana na gome na kulichuna shina hadi chini. Kuhusu kupaka rangi au lami kwenye jeraha, achana nako. Haizuii kuoza, na inaweza kufungia unyevu ndani. Wateja wanaoipenda wapo, nami huwaambia hivyohivyo.

Ombi linaloniudhi kuliko yote ni la kukata kichwa cha mti: "Upunguze nusu, unatutisha." Mti uliokatwa kichwa huchipua kwa fujo kutoka chini ya gome, na vichipukizi hivyo havijashikamana na mbao za ndani. Miaka michache baadaye vimekuwa matawi marefu, mazito, yaliyoshikiliwa na tabaka jembamba juu ya mbao inayooza. Aliyetaka usalama amenunua hatari. Mimi hupendekeza kupunguza matawi machache kwa kuyarudisha hadi kwenye tawi dogo lililo hai, tusizidi robo ya majani kwa mara moja, na kwa mti mzee hata chini ya hapo. Mteja akishikilia, kazi hiyo naiacha. Fundi mwingine ataichukua, najua, na ataipiga picha.

Kwa mti mchanga mambo ni rahisi. Samaki mkunje angali mbichi: kata panda iliyobanana ikiwa bado unene wa kidole na mkasi wa mkono unatosha.

Kukwea hakufundishiki kwa maandishi, kwa hiyo nitasema machache. Jifunze kwa mtu, kwenye kamba iliyo chini, mpaka mafundo yafungike bila kufikiri. Fundo la Prusik, lililoelezwa na Karl Prusik wa Austria mwaka 1931, bado ndilo mlango mzuri wa kuelewa jinsi kamba inavyoshika kamba. Ukiwa na chenso juu ya mti, jishikize kwa vitu viwili tofauti, na kimoja kiwe mkanda wenye waya wa chuma ndani, kwa sababu mnyororo unaozunguka hukata kamba kabla hujajua umeigusa. Viatu vya miiba ni vya mti utakaoangushwa tu; kwenye mti unaobaki, kila hatua ni jeraha. Na chini pawe na mtu anayeweza kukwea na kukushusha, vifaa vyake vikiwa tayari. Aliyening'inia kwenye mkanda bila kusogea anaweza kupoteza fahamu ndani ya dakika chache, na kusubiri waokoaji wafike kutoka mbali si mpango.

Uzito huwashangaza wageni wa kazi hii. Mita moja ya ujazo ya mbao mbichi hukaribia tani moja. Gogo lenye upana wa sentimita 50 na urefu wa mita moja tu ni karibu kilo 200. Likidondoka hata kidogo kabla ya kamba kulidaka, mvuto kwenye kamba, na kwenye mti uliokaa wewe, huwa mara kadhaa ya uzito huo. Mti hauendi ila kwa nyenzo, lakini nyenzo nazo zina kikomo. Kata vipande vidogo. Anayeshika kamba chini aiachie iteleze kidogo kidogo ili gogo lipunguze mwendo, asiibane ghafla.

Kuangusha mti mzima kunategemea bawaba, yaani ule ukanda wa mbao unaoachwa bila kukatwa kati ya mdomo wa mbele, yaani pengo linalokatwa upande mti unakoelekezwa kuanguka, na kata ya nyuma. Bawaba ndiyo usukani. Unene wake uwe kama sehemu moja ya kumi ya upana wa shina: shina la sentimita 60, bawaba sentimita 6, na iwe sawa upande wa kushoto na kulia. Ukiikata yote, mti unakwenda utakako wenyewe. Kwenye mti uliokauka bawaba huvunjika mapema, kwa hiyo usiiamini. Mti ulioinama sana ni habari nyingine: ukiukata kwa nyuma taratibu kama mingine, shina linaweza kupasuka kwenda juu na kurusha nusu yake nyuma ulikosimama. Miti hiyo waachie wanaojua kuitoboa katikati kwanza kwa ncha ya ulimi. Njia ya kukimbilia isafishwe kabla, ielekee nyuma kwa mshazari, na uitumie mara mti unapoanza kwenda. Usisimame kuutazama.

Nyaya za umeme: tawi bichi hupitisha umeme, na umeme wa msongo mkubwa huruka bila kuguswa. Mti uliogusa waya, au ulio karibu nao, ni kazi ya wenye nyaya. Waite wakate umeme kwanza.

Chenso yenyewe nayo ina tabia moja ya kuifahamu kabla ya zote. Robo ya juu ya ncha ya ulimi ikigusa kitu, mashine huruka kuelekea usoni mwako kwa kasi usiyoweza kuishindana. Shika kwa mikono miwili, kidole gumba cha kushoto kizunguke mpini, na breki ya mnyororo uijaribu kila asubuhi. Mengine ni tupa. Meno makali hutoa maranda. Yakianza kutoa vumbi, simama unoe. Meno butu hukulazimisha kusukuma, na anayesukuma chenso ndiye anayeteleza. Tupa lazima ilingane na mnyororo wako: milimita 4.8 kwa minyororo mingi ya ukubwa wa kati, 4.0 kwa ile midogo. Pasi chache kwa kila jino, idadi sawa pande zote, la sivyo ulimi utakata ukienda upande. Petroli na oili ya mashine za kisasa nyingi ni 50 kwa 1, yaani mililita 100 za oili kwa lita 5. Na vaa kinga ya masikio. Chenso ya petroli hupita desibeli 100, na masikio hayana vipuri. Vidole vikianza kuwa vyeupe na kufa ganzi baridi ikiingia, ni mtikisiko wa mashine, usiuzoee.

Anayefanya kazi chini ndiye anayeamua mwendo wa siku. Aliye juu hukata tawi kwa dakika moja; kulishusha, kulikata vipande, kulikokota na kulipakia huchukua dakika nyingi zaidi. Kwa hiyo ninapotoa bei nahesabu matawi kwanza, halafu umbali wa kuyakokota hadi gari linapofika, halafu vilivyo chini ya mti: paa, vioo, bustani, ukuta wa jirani. Muda wa kukata ndio mdogo katika hesabu yote. Mtu wa chini mwenye akili mlipe vizuri. Kubaliana naye ishara kabla ya kupanda, kwa sababu mashine ikiwaka hakuna anayesikia. Sisi tunatumia filimbi: mlio mmoja simama, miwili nakata. Na hakuna kuingia chini ya mti mpaka aliye juu ajibu.

Ugomvi mwingi na wateja haujatokana na jinsi nilivyokata. Umetokana na kilichobaki. Wengi hudhani bei ya kukata mti inajumuisha kung'oa kisiki, wakati kung'oa kisiki kunaweza kula siku nyingine nzima na mashine nyingine. Siku hizi kwenye karatasi ya bei naandika kisiki kitabaki na urefu gani, magogo ni ya nani, matawi yanakwenda wapi, na kama mti uko mpakani, jirani amekubali au la. Mteja anatia saini kabla kamba haijarushwa. Asiyetaka kutia saini huyo ndiye atakayesumbua wakati wa kulipa, kwa hiyo karatasi hiyo nampa mapema, bado tukiwa tunauzunguka mti.