Mchoraji, linda saa za picha zako mwenyewe

Muulize mchoraji anayeishi kwa oda za vitabu vya watoto, mabango ya afya na vifungashio vya bidhaa kwa nini picha zake mwenyewe zimelala kabatini, atakwambia hana muda. Mara nyingi muda alikuwa nao. Kilichotokea ni kwamba oda iliyopangiwa wiki sita imekwenda wiki tisa, kwa sababu mteja hakuambiwa mapema marekebisho ni mangapi, nani anayatoa, na yakizidi nani analipa. Wiki hizo tatu za ziada huwezi kuzichukua kwa mteja mwingine, maana naye ana tarehe yake. Unazichukua kwenye kazi yako. Ndiyo maana ratiba iliyobandikwa ukutani haisaidii kama makubaliano na mteja yana matundu. Matundu hayo ndiyo ya kuziba kwanza.

Hesabu kabla ya kusema ndiyo

Chukua kitabu cha watoto cha kurasa 24. Ukurasa wa kwanza una jina la kitabu, wa pili una taarifa za mchapishaji, wa tatu una picha moja. Kuanzia wa 4 hadi wa 23 kuna picha 10 zinazotandaa kwenye kurasa mbili zinazotazamana, na wa 24 una picha ya kufungia. Zile mbili za ukurasa mmoja mmoja zihesabu kama moja kubwa, zinakuwa picha 11. Kila moja ikichukua saa 2 za penseli, 3 za wino na 4 za rangi, hizo ni saa 99. Ongeza saa 6 za vijirasimu vya kitabu kizima, 8 za kuwabuni wahusika na 12 za jalada, unapata 125. Weka juu yake asilimia 20 ya marekebisho. Jumla ni saa 150.

Sasa, anayefanya kazi saa 40 kwa wiki hachori saa 40. Barua pepe, mikutano, kuskani, kusafisha faili na kufuatilia malipo vinakula kama 9. Ukitenga 6 za kazi yako binafsi, zinabaki 25 za oda, na 150 ukigawa kwa 25 ni wiki 6. Ukimwahidi mteja wiki 4 ili usimpoteze, umejiandikia saa 37 na nusu za kuchora kila wiki. Hata hajaanza kukutumia ujumbe wa "badilisha kidogo tu", zile saa 6 zako zimeshakwenda.

Bei nayo hutoka kwenye hesabu hiyohiyo. Tuseme unahitaji TSh 18,000,000 za kuishi kwa mwaka na 3,600,000 za vifaa, umeme, intaneti na usafiri. Jumla ni 21,600,000. Wengi hugawa kwa saa 40 mara wiki 52, wanapata kama TSh 10,400 kwa saa, kisha wanashangaa kwa nini wanachora usiku. Mwaka halisi wa mchoraji una wiki 36 hivi zenye oda. Nyingine 8 ni za kutafuta kazi na kungoja, 4 ni za sikukuu na homa, na 4 ni zako kamili. Wiki 36 mara saa 25 ni saa 900, na bei inakuwa TSh 24,000 kwa saa. Kile kitabu cha kurasa 24 ni TSh 3,600,000. Kumbuka pia kodi ya zuio: nchini Tanzania kampuni na mashirika hukata asilimia 5 kwenye malipo ya huduma, kwa hiyo kati ya hizo, 180,000 hazitakufikia mkononi. Dai cheti cha makato hayo, kinahesabika unapofanya marejesho ya kodi.

Mchapishaji akisema ana milioni mbili tu, usichore kitabu kilekile kwa bei hiyo. Milioni mbili kwa bei yako ni saa 83. Mpe kitabu cha saa 83: picha 5 kubwa, nyingine ziwe picha ndogo zisizo na mandhari, wino na rangi mbili badala ya rangi kamili. Wahariri wengi hulielewa hili wakiwekewa mezani kwa namba. Wasilolielewa ni mchoraji anayekubali kila kitu halafu anachelewa.

Mambo ya kuandika kwenye makubaliano

Malipo: asilimia 50 kabla ya kuanza, 25 rasimu za penseli zikikubaliwa, 25 kabla ya kukabidhi faili kubwa. Mpaka fungu la mwisho liingie, mteja anaona picha ndogo zenye alama yako juu yake. Mashirika mengi hulipa siku 30 au 60 baada ya ankara, kwa hiyo ankara ya fungu la pili itume siku ileile rasimu zinapokubaliwa, usingoje mwisho wa mwezi.

Marekebisho: raundi 2 kwenye penseli, 1 kwenye rangi. Na ueleze raundi ni nini, maana hapa ndipo panapovuja zaidi. Raundi moja ni orodha moja, ya maandishi, kutoka kwa mtu mmoja aliyetajwa jina. Kwenye oda za mashirika, afisa wa mradi hutuma sauti ya WhatsApp asubuhi, mtu wa mawasiliano anatuma yake mchana, na wiki ijayo mfadhili anataka kila kitu kirudi kilivyokuwa. Msipokubaliana juu ya mtu mmoja wa kukusanya maoni, kazi ya kuwapatanisha inakuwa yako, bila malipo. Marekebisho ya ziada yatozwe kwa saa, na bei iandikwe humohumo.

Kwa mabango ya afya kuna jambo mahususi. Picha hizi hujaribiwa kwa walengwa kabla ya kuchapwa, na majaribio hayo huleta mabadiliko makubwa. Mfano wa kawaida ni mikono inayonawa iliyochorwa peke yake bila mwili: watazamaji wasiozoea michoro ya aina hiyo hushindwa kuelewa ni ya nani na inafanya nini, na inabidi umchore mtu mzima akiinama kwenye ndoo. Ukigundua hilo wakati rangi zimeshakauka, umepoteza siku nzima. Omba majaribio yafanyike na rasimu za penseli, na uiandike hatua hiyo kwenye ratiba.

Kuvunja kazi: ikisitishwa baada ya rasimu kutumwa lakini kabla hazijakubaliwa, mteja analipa nusu. Ikisitishwa rangi zikiwa zimekamilika, analipa yote.

Kisha haki. Nchini Kenya, kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya 2001 kinachukulia kuwa hakimiliki ya kazi iliyoagizwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Ukikaa kimya, umeuza. Tanzania ina Sheria yake ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, lakini popote ulipo usiiachie sheria kazi ambayo mistari minne inaweza kuifanya. Kwa mfano: "Mchoraji anampa mteja leseni ya kuchapa picha hizi katika kitabu hiki, kwa Kiswahili, nakala zisizozidi 5,000, kwa miaka 3. Matumizi mengine yatajadiliwa upya. Michoro halisi ya karatasi na rasimu zisizotumika ni mali ya mchoraji. Mchoraji anaruhusiwa kuonyesha picha hizi miongoni mwa kazi zake kitabu kikishatoka." Mteja akitaka haki zote, ni sawa, ila hiyo ni bei nyingine.

Sentensi ya rasimu zisizotumika ina thamani kuliko inavyoonekana. Rasimu ambayo mteja ameikataa kwa kuwa "ina giza mno" mara nyingi ndiyo mbegu ya picha yako. Ila wahusika, nembo na rangi maalumu za mteja haziingii kwenye kazi yako hata kama ulizibuni wewe. Na kamwe usisaini kifungu kinachokukataza kutumia mtindo wako kwingine.

Mradi unaotosha kwenye saa sita

Kazi binafsi nyingi hufa kwa sababu hazina ukubwa uliopangwa. "Nataka kuchora maisha ya pwani" hauna mwisho, kwa hiyo kila oda ikija mradi unasogezwa. Sema hivi: picha 12 za A3 za mafundi wa soko moja, wino na rangi za maji, rangi tatu tu. Kila picha saa 12, jumla 144. Kwa saa 6 kwa wiki ni wiki 24. Unajua utamaliza lini, na unajua ukikosa wiki moja umesogeza nini.

Saa 6 zigawe vipindi vitatu vya saa mbili. Kipindi cha nusu saa hakifai kwa rangi za maji, kwa sababu kutandaza vifaa na kuzoesha mkono kunachukua dakika 20, na rangi ya kwanza inahitaji kukauka kabla ya ya pili. Asubuhi kabla ya kufungua simu ndiyo wakati bora kwa walio wengi. Jioni baada ya oda, mkono umechoka na jicho bado linafikiri kwa rangi za mteja. Kama oda zako ni za tableti, kazi yako iwe ya karatasi, au kinyume chake. Misuli inapumzika, na mitindo haichanganyiki.

Kinachookoa vipindi vya saa mbili ni namna unavyofunga. Usimalize eneo lote ulilokuwa ukipaka. Acha kipande kimoja ambacho rangi yake unaijua tayari, na pembeni ya karatasi, nje ya utepe unaoishikilia ubaoni, paka kijialama cha mchanganyiko huo na uandike kwa penseli umetumia nini na kwa kiasi gani: sehemu mbili za rangi ya udongo mwekundu kwa moja ya bluu, kwa mfano. Kipindi kijacho hutafuti rangi, unaendelea. Karatasi nene ya gramu 300 kwa mita ya mraba ibandike kwenye ubao kwa utepe pande zote nne, na usiibandue hadi picha nzima imekamilika na kukauka kabisa. Hata gramu 300 hujikunja ukiipaka maji mengi, na ikikaukia ubaoni inanyooka. Utepe uvute polepole ukielekeza mkono nje ya picha. Ukiuvuta kuelekea ndani, unachana uso wa karatasi.

Ukichora kwa tableti, kosa la kawaida ni kuanza na turubai, yaani eneo la kuchorea kwenye skrini, ndogo ya kupandisha mtandaoni, pikseli 1,080 kwa 1,080, kisha baada ya miezi mitatu unataka kuichapa. Haichapiki. A3 kwa nukta 300 kwa inchi ni pikseli 3,508 kwa 4,961. Ukiongeza milimita 3 za kukatia kila upande, ni 3,579 kwa 5,032. Anza hapo. Kwenye Procreate, programu ya kuchorea ya iPad, turubai kubwa hupunguza idadi ya leya, yaani tabaka za picha zinazopangwa juu ya nyingine, na aina ya rangi, ya skrini au ya uchapaji, huchaguliwa mwanzoni tu na haibadilishwi baadaye. Krita, programu nyingine ya kuchorea, ni ya bure na inafanya kazi na rangi za uchapaji. Bluu kali na kijani king'avu ndizo zinazofifia zaidi zikitoka skrini kwenda kwenye karatasi, kwa hiyo chapa kipande cha majaribio cha A5 kabla ya kuamua rangi za mfululizo mzima.

Swali la lini uonyeshe linagawa wachoraji. Msimamo wangu ni kusubiri hadi theluthi moja ikamilike, yaani picha 4 kati ya 12. Ukionyesha ya kwanza, wa kwanza kuipenda atataka umchoree ya kwake kwa mtindo huo, na mradi unageuka oda ukiwa bado hujajua unataka kusema nini. Hili silisemi kwa kudharau soko. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli kwenye vipande vya ubao, akiwauzia wapita njia, na alipofariki mwaka 1972 tayari alikuwa ameacha mtindo unaobeba jina lake hadi leo. Kuuza hakuharibu picha. Kuagizwa kabla hujakomaa ndiko kunakoharibu.

Picha 4 zikikamilika, zitumie kutafuta tarehe ya nje: maombi ya nafasi ya maonyesho kwenye vituo vya sanaa kama Nafasi Art Space pale Mikocheni, Dar es Salaam, au GoDown jijini Nairobi, au ukumbi wowote ulio karibu nawe. Ukiwa na tarehe ya mtu mwingine, saa zako zinakuwa na uzito sawa na za mteja.

Oda ya dharura itakuja tu, na mara nyingine ni vizuri kuikubali. Itoze asilimia 50 zaidi, na siku hiyohiyo andika kwenye kalenda lini saa ulizozitoa zitarudi, ndani ya wiki mbili. Ile asilimia 50 isiingie kwenye matumizi ya nyumbani. Iweke kwenye akaunti au pochi tofauti ya simu, ndiyo inayonunua zile wiki 4 kamili za mwaka. Wiki hizo zipange mara baada ya oda kubwa, baada ya fungu la mwisho kuingia, na mteja anayefuata mwambie tarehe ya kuanza kazi yake kana kwamba hizo wiki zimeshachukuliwa, kwa sababu zimeshachukuliwa.