Sikukuu ya familia nzima imeniangukia mimi peke yangu, nifanyeje?

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni kifungua mimba katika familia ya watoto watano, wawili wa kike na watatu wa kiume, sote tuna ndoa. Tangu utotoni sikukuu za mwisho wa mwaka tulizila kwa mama. Mama alifariki Machi mwaka huu. Bila hata kikao, wenzangu wameshaamua kwamba Desemba wanakuja kwangu, kuanzia tarehe 23 mpaka mwaka mpya upite. Tutakuwa 19: watu wazima 12, watoto 6 na kichanga mmoja. Mwaka jana mama akiwa mgonjwa nilinunua mimi, nikapika mimi, nikaosha mimi na mdogo wangu wa kike, wadogo zetu wa kiume wamekaa sebuleni. Michango niliahidiwa na wote, akaleta mmoja. Mume wangu analalamika kwamba mwaka wa nne huu hatujaenda kwao. Baba naye anataka kila kitu kiwe kama mama alivyokifanya. Nimefikiria niseme naumwa. Naogopa kuonekana mimi ndiye niliyeivunja familia mara tu mama alipoondoka.*
*Kifungua Mimba*

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa kuondokewa na mama. Mwaka wa kwanza bila mzazi una uzito wake, na wewe umeongezewa juu yake mzigo wa sufuria, magodoro na michango isiyokuja.

Hilo la kusema unaumwa liache. Litakuvusha mwaka huu tu, na Desemba ijayo mtarudi pale pale, tena ukiwa hujawaambia lililo kweli: kazi hii ni ya watu 12 na inabebwa na mmoja. Bado tuko mwisho wa Oktoba, kwa hiyo muda wa kulisema vizuri unao. Ungeniandikia Desemba 15 ushauri wangu ungekuwa mwingine kabisa.

Anza na mumeo, kabla ya baba na kabla ya wadogo zako. Malalamiko yake ni ya haki, na ukipanga na ndugu zako kwanza utakwenda kwake na jambo lililokwisha kuamuliwa, nalo litaleta ugomvi. Pangeni zamu inayojiendesha yenyewe: mwaka huu Krismasi kwenu na mwaka mpya kwao, mwakani mnageuza. Iandikeni, na ikae hivyo angalau miaka minne, kwa sababu kinachochosha familia nyingi ni kulijadili upya kila Novemba. Msijaribu kuigawa siku moja kwa nyumba mbili, mchana huku na usiku kule. Watoto hushinda njiani, mnafika kwa wa pili mmeshiba na mmechoka, na wote wawili hubaki na manung'uniko.

Kisha nenda kwa baba. Anaposema anataka kila kitu kiwe kama zamani, usikatae, wala usikubali. Muulize: "Baba, kitu gani kimoja kikikosekana siku hiyo utaona sikukuu haijawa sikukuu?" Kisha nyamaza, umwache afikiri. Swali hilo hilo waulize wadogo zako wote, kila mmoja atoe jibu moja tu. Majibu yatagongana, na mwisho wa yote mtajikuta na mambo matatu au manne: labda wimbo fulani, labda wajukuu wote kulala chumba kimoja, labda chakula fulani cha mama. Sidhani yupo atakayetaja vitambaa vya meza vilivyopigwa pasi au aina saba za vyakula. Hayo matatu au manne yalindeni kwa nguvu zote. Yaliyobaki zilikuwa kazi za mama, alizozifanya kwa namna yake katika nyumba yake, na wewe huna deni la kuzirudia moja moja.

Kikitajwa chakula cha mama, atafutwe aliyewahi kusimama naye jikoni, akipike mara moja mwezi wa Novemba kwa nusu ya kiasi huku mwingine akipima na kuandika. Wanaopika kwa jicho hawaachi vipimo, na siku yenyewe ya sikukuu si siku ya kubahatisha mbele ya watu wenye majonzi.

Baada ya baba, tuma ujumbe kwenye kundi la familia. Uwe mfupi, bila kuomba radhi wala kueleza sana:

"Wadogo zangu, sikukuu ya mwaka huu iko kwangu, kuanzia tarehe 23 jioni mpaka tarehe 28 asubuhi. Mchana wa 28 sisi tunakwenda kwa wakwe zangu. Gharama tutagawana kwa hisa na kazi kwa zamu. Jumapili saa 2 usiku tuongee kwa simu wote watano. Kila mmoja aje na jibu: kitu gani kimoja kikikosekana ataona sikukuu haijawa?"

Tarehe ya kuondoka imetajwa mwanzoni kabisa kwa makusudi. Mgeni asiyejua siku ya kuondoka huwa haondoki, na mwenyeji aliyekaa kimya huanza kununa ifikapo siku ya tano.

Sasa pesa, maana hapa ndipo ulipoumizwa. Usiseme "kila mtu achangie anachoweza." Kauli hiyo ndiyo iliyokuletea mchango mmoja. Hesabu hisa: mtu mzima hisa moja, mtoto nusu, kichanga hahesabiwi. Wazima 12 ni hisa 12, watoto 6 ni hisa 3, jumla 15. Chukua bajeti yote, gawanya kwa 15, na kila kaya ijue deni lake: mume, mke na watoto wawili ni hisa 3. Hisa ya baba igawanywe kati yenu watano. Mweka hazina awe mdogo wako mmojawapo, hasa yule aliyeleta mchango mwaka jana, asiwe wewe, kwa sababu mwenye nyumba akidai pesa husikika kama anawauzia ndugu zake chakula. Nusu iingie ifikapo Novemba 30, nusu ya pili Desemba 15. Mwenye hali ngumu amwambie mweka hazina faraghani, apewe kazi badala ya pesa, kama kumleta na kumrudisha baba, na jina lake lisitajwe kundini.

Halafu liko sharti moja ambalo nakusihi usilegeze. Jioni ya Desemba 15 mweka hazina atangaze kilichopo, na bajeti ishuke ifike hapo. Ikiwa zimeingia hisa 10 kati ya 15, mtakula sikukuu ya hisa 10. Punguza aina za vyakula, punguza vinywaji, lakini usiongeze hata senti kutoka mfukoni mwako zaidi ya hisa zako. Uliposawazisha upungufu kimyakimya mwaka jana, wenzako hawakuuona, na asiyeuona upungufu hana sababu ya kudhani mchango wake ulihitajika.

Kuhusu kazi, wadogo zako wa kiume usiwaombe "msaada." Anayesaidia husubiri kutumwa, na wewe unabaki na kazi ya kufikiri kwa niaba ya wote, ambayo ndiyo nzito kuliko zote. Wape milo mizima. Kuanzia jioni ya 23 mpaka asubuhi ya 28 kuna milo 14. Mlo mkuu wa tarehe 25 mtapika wote. Inabaki 13: wadogo zako wanne wachukue mitatu mitatu, wewe ubaki na mmoja, chakula cha jioni cha 23 cha kuwapokea. Si upendeleo, maana wewe umetoa nyumba, maji, umeme na usingizi. Kuwa na mlo maana yake ni kupanga kitakacholiwa, kununua kwa pesa ya mweka hazina, kupika, kupakua, kuosha vyombo na kufuta jiko. Mume na mke wanaweza kushirikiana, ila jina lililo kwenye ratiba ni la ndugu yako, si la wifi yako. Ukiruhusu jina la mke wake liandikwe, utakuwa umemwondolea mdogo wako mzigo na kumtwisha mwanamke mwingine.

Na kifungua kinywa cha 26 kikichelewa kwa saa nzima, kichelewe. Najua mikono itakuwasha. Wape watoto matunda, uende zako ukaoge. Ukiingia jikoni mara moja tu "kumwokoa," utakuwa umeirudisha zamu hiyo mikononi mwako kwa miaka yote ijayo.

Kwa mlo mkuu, kadiria gramu 200 za nyama isiyo na mfupa kwa mtu mzima na 100 kwa mtoto. Kwa idadi yenu ni kilo 3. Ikiwa na mifupa nunueni kati ya 5 na 6. Mkiigandisha, igawanyeni kwanza kwenye vifurushi vya kilo 2, kwani bonge moja la kilo 6 huchukua karibu siku tatu kuyeyuka ndani ya friji, wakati kifurushi cha kilo 2 huchukua siku moja. Vitoeni frizani jioni ya 23 viingie friji ya kawaida. Msiyeyushie mezani usiku kucha: nje huwa imeshapata joto na vijidudu vinazaliana, ndani bado ni barafu.

Jambo linaloharibu tumbo la familia nzima kwa kawaida ni kiporo. Sufuria kubwa ya mchuzi ikiachwa imefunikwa jikoni hubaki na uvuguvugu kwa saa nyingi, na uvuguvugu ndio vijidudu wanaoupenda. Ndani ya saa mbili tangu kiive, chakula kilichobaki kigawanywe kwenye vyombo vipana, kina chake kisizidi sentimita 5, kiingie friji. Siku zikiwa na joto kali, ifanyeni saa moja. Ili nafasi ipatikane, toeni soda zote kwenye friji muda huo na muziweke kwenye ndoo yenye barafu. Friji iliyoshindiliwa haipoozi, hewa baridi haina pa kupita. Kiporo kiliwe ndani ya siku tatu, na kikipashwa kipate joto mpaka katikati.

Mambo madogo yanayoepusha kelele: kila mtu apewe kikombe kimoja chenye jina lake kwenye kipande cha plasta, la sivyo utaosha vikombe 60 kwa siku. Bafu likiwa moja, watu 18 kwa dakika 10 kila mmoja ni saa tatu kamili, kwa hiyo watoto wote waoge jioni ya 24.

Zawadi zifanyieni kura. Watu wazima 12 wakipeana wote ni zawadi 132, kwa kura zinakuwa 12. Wekeni kiwango cha juu cha bei, na kura ipigwe kabla Novemba haijaisha. Mtu akijipata mwenyewe au akimpata mwenzi wake, vikaratasi vyote virudi na mwanze upya. Mkibadilishana wawili tu, siri imeshatoka. Watoto wasiingie kwenye kura, wao wanunuliwe kutoka mfuko wa pamoja.

Na mama. Msimwache aje mezani ghafla katikati ya mlo, kwa mtu kushindwa kujizuia na wengine kutojua la kufanya. Mpangieni nafasi: dakika kumi kabla ya kula, msemaji mmoja mliyekubaliana tangu mapema, na baba aulizwe siku moja kabla kama anataka kusema au kukaa kimya. Amueni pia baba atakaa kiti gani na nani atakaa pembeni yake, kwa sababu ubavuni pake patakuwa wazi kwa mara ya kwanza. Watoto waambieni mapema kwamba wakubwa wanaweza kulia na kwamba si kosa. Mtakaolia, lieni.

Lakini vitu vya mama, nyumba yake, nguo zake, lolote lenye urithi ndani yake, lisizungumzwe kati ya 23 na 28. Mkiwa wote pamoja, yupo atakayesema "kwa kuwa tupo." Mjibuni kwa tarehe: pangeni kikao cha Januari kwenye ile simu ya Jumapili, ili atakayeanza aelekezwe huko bila ya mtu kuonekana anakwepa.

Unaogopa kuambiwa umeivunja familia. Huenda mmoja akalisema, na pengine atakuwa yule ambaye hajawahi kuosha sahani. Mjibu: "Nimewaalika wote, nimetoa nyumba, na mlo wako wa kwanza ni tarehe 24 mchana." Usiongeze neno.

Jioni ya 27, kabla mizigo haijafungwa, kaeni watano kwa dakika ishirini. Andikeni kilichobaki, kilichopungua, kiasi cha nyama kilicholiwa kweli na pesa zilizotumika. Kisha pangeni zamu ya kuwapokea wengine kwa miaka mitano ijayo, wewe ukiwa wa mwisho, na daftari achukue anayefuata.