Maswali ya Wasomaji: Kufika Penye Mipaka ya Nchi Tatu

Swali: Natamani kufika mahali ambapo nchi tatu zinakutana, nizizunguke zote kwa hatua chache. Nichague wapi?

Kabla ya kuangalia nauli, angalia kama penyewe ni nchi kavu au majini. Sehemu za namna hii zipo zaidi ya 150 duniani, na nyingi zimo katikati ya mto au ziwa. Kenya, Uganda na Tanzania zinakutana ndani ya Ziwa Victoria, kwenye latitudo ya nyuzi 1 kusini. Huko hakuna pa kukanyaga. Argentina, Brazili na Paragwai zinakutana pale mto Iguazú unapomwagika kwenye Paraná, na kila nchi imejenga mnara ukingoni kwake, wenye rangi za bendera yake. Unaziona zote tatu kwa wakati mmoja, lakini umesimama kwenye moja tu. Basel, penye mipaka ya Uswisi, Ufaransa na Ujerumani, nako mnara uko gatini, upande wa Uswisi, ilhali mipaka inakutana ndani ya mto Rhine. Wengi hupiga picha pale wakiamini mguu mmoja uko Ufaransa. Haupo.

Kwa anayeanza, Vaalserberg ndiyo rahisi kuliko zote: Uholanzi, Ubelgiji na Ujerumani, barabara ya lami mpaka juu, hakuna kizuizi. Ila usichanganye nguzo. Hatua chache kutoka kwenye utatu wa mipaka kuna alama nyingine inayoonyesha sehemu ya juu kabisa ya Uholanzi bara, mita 322 na ushei. Na ukikuta jina la barabara pale linataja mipaka minne, si kosa: hadi baada ya Vita Kuu ya Kwanza kulikuwa na kieneo cha nne, Moresnet, kisicho mali ya yeyote kati ya majirani wake.

Swali: Na kwa hapa Afrika Mashariki, je?

Nenda Sabinyo, volkano iliyozimika ambayo kilele chake kinagawanywa na Uganda, Rwanda na Kongo. Ina urefu wa zaidi ya mita 3,600. Njia iliyozoeleka ni ya upande wa Uganda, kupitia hifadhi ya Mgahinga. Unapanda na askari wa hifadhi na mwongozaji, kupanda na kushuka ni kama saa 8.

Mlima una vilele vitatu vinavyofuatana, na mipaka inakutana kwenye cha tatu. Ukiishia cha kwanza au cha pili umepanda mlima, lakini utatu hujaufikia. Kati ya kilele na kilele kuna ngazi za miti zilizoegemezwa mwambani, na hapo ndipo wengi hukwama, zaidi kwa utelezi kuliko kwa kuchoka. Panda mmoja mmoja, na wakati wa kushuka geuza uso uelekee ngazi. Vaa glavu zenye kushika vizuri, maana miti huwa imelowa na ina tope la viatu vya waliotangulia. Beba maji lita 2 hadi 3 na koti la mvua hata kama asubuhi ni kweupe. Mwongozaji akisema mrudi kabla ya kilele cha tatu, rudini bila kubishana: ukungu na mvua ya mchana vikikukuta juu, ngazi zilezile zinakuwa jambo jingine kabisa.

Saa ya simu nayo ina hila. Uganda iko saa moja mbele ya Rwanda na mashariki ya Kongo. Huko juu simu ikinasa mnara wa jirani, saa inarudi nyuma yenyewe, nawe unadhani muda bado unao. Zima mpangilio wa saa otomatiki kabla ya kuanza kupanda, na zima data ya nje, isije ikala salio bila wewe kujua.

Mtego huohuo uko kaskazini ya mbali, kwenye nguzo ya zege ya manjano ya Norwei, Uswidi na Finland, iliyojengwa mwaka 1926 ndani ya ziwa dogo, hatua chache kutoka ufukweni. Kutoka Kilpisjärvi, kijiji cha Finland, ni kilomita 11 kwa miguu, au kiangazi unavuka kwa boti na kubakiza kama kilomita 3. Finland iko saa moja mbele ya wenzake wawili, na boti inarudi upande wa Finland. Ukifuata saa ya Norwei utaikuta imeshaondoka, na kilomita 11 zinakusubiri.

Swali: Nikizunguka nguzo mara moja, nahitaji viza tatu?

Inategemea nchi zenyewe. Ndani ya eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipakani kati yao, viza moja inatosha na hakuna muhuri, ingawa pasipoti tembea nayo kwa sababu ukaguzi wa muda hurejeshwa mara kwa mara. Kwingineko, hatua moja ng'ambo ya nguzo ni kuvuka mpaka pasipo kituo cha uhamiaji, yaani kosa kisheria, hata kama kwa mazoea walinzi hawajali. Pale Norwei, Finland na Urusi zinapokutana, huruhusiwi kabisa kuizunguka alama. Unaitazama kutoka upande wa Norwei na kugeuza.

Kwenye Iguazú, anayetaka minara yote mitatu apite vituo halali na ahakikishe amegongewa muhuri kila upande. Mabasi ya mjini hubeba wakazi wasiohitaji muhuri, hivyo hayasubiri. Shuka, gonga muhuri, panda linalofuata.

Swali: Nilipata nukta za GPS lakini nikizifuata naangukia kichakani, mbali na bikoni (nguzo ya mpaka). Tatizo nini?

Mara nyingi ni namba kutoka ramani za zamani. Ramani nyingi za Afrika Mashariki zilichorwa kwa mfumo wa vipimo uitwao Arc 1960, wakati simu yako hutumia mfumo mwingine, WGS84. Namba zilezile ukiziingiza bila kuzibadili, unahama karibu mita 300 kaskazini au kusini. Hesabu pia tarakimu baada ya nukta ya desimali: tatu zinakufikisha ndani ya mita 100 hivi, tano zinakufikisha kwenye mita 1. Na chini ya miti au bondeni simu yenyewe inayumba, kwa hiyo ukikaribia weka simu mfukoni utafute kwa macho.

Swali: Naweza kurusha droni?

Iache nyumbani. Ingehitaji vibali vya nchi tatu, na mpakani askari hawaulizi kwanza.